Sura ya Sita: Mboga Iliyoongezwa Maji

Agosti ikiingia, soko la Mangobo hupata harufu mpya. Kati ya mafungu ya kwanga, pilipili mbichi na chupa za mafuta ya mawese hujitokeza masinia ya viumbe weusi-weusi, wakavu, waliojikunja kama magome ya mdalasini. Ndio viwavi, na Kisangani huwaita mbinzo. Mama anayewauza hujaza kopo, hulitikisa kidogo, kisha hujenga kilele juu yake kwa vidole, kiwavi mmoja mmoja, na mnunuzi hukikodolea macho kile kilele kuliko kopo lenyewe. Mteja mzoefu huokota mmoja na kumvunja katikati. Akikatika kwa mlio, amekauka sawasawa. Akipinda tu, ukungu hauko mbali.

Mbinzo hao hawafugwi. Hutoka msituni, njia ya Buta, njia ya Ubundu, ng'ambo ya mto au chini ya mto upande wa Yangambi, na huingia mjini kwa mtumbwi, kwa pikipiki au nyuma ya toleka, baiskeli zile za kubeba watu ambazo Kisangani inajulikana nazo. Wengi wao ni wateuzi wa chakula. Imbrasia oyemensis hula lifaki, mti ambao wafanyabiashara wa mbao huuita sapelli. Cirina forda hula tali. Lifaki hupanda mita 45 na zaidi, kwa hiyo aliye chini hawaoni viwavi wakiwa kileleni. Huwasikia. Kinyesi chao hudondoka juu ya majani makavu kama manyunyu katika siku isiyo na wingu, na mtu wa msituni akiziangalia punje zile hukisia kama watateremka wiki hii au ijayo. Wakikomaa hushuka wenyewe kwenye shina, wakitafuta udongo wa kujifukia na kugeuka pupa. Hapo ndipo vikapu hujaa.

Kabla ya kushuka, kiwavi ana kazi moja tu, kula, na kazi hiyo ina hesabu ngumu ndani yake. Mwaka 1980 Malaisse na Parent walichapisha uchunguzi wao wa aina 23 za viwavi wanaoliwa kusini mwa Kongo, Shaba ya wakati ule, wakakuta kwamba protini ni takriban asilimia 63 ya uzito wa kiwavi mkavu. Protini haijengwi bila naitrojeni. Ukipiga hesabu, naitrojeni peke yake ni kama sehemu moja ya kumi ya mwili wa mbinzo aliyekaushwa. Jani la mti, likikaushwa vilevile, huwa na asilimia mbili hivi, pengine tatu likiwa changa. Kiwavi basi anajenga mwili wa nyama kwa kula kitu ambacho karibu chote ni wanga na nyuzi. Ni kama mtu aliyeambiwa ajenge nyumba ya matofali kwa kuokota vipande vya tofali ndani ya lundo la majani ya mgomba.

Sasa lundo hilo linazidi kukua.

Charles Keeling alipoanza kuipima kabonidioksidi, hewa ukaa, juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii mwaka 1958, kulikuwa na sehemu 315 hivi za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla viwanda vya Ulaya havijaanza kuchoma makaa ya mawe zilikuwa 280. Leo zimepita 420. Gesi hii haina mpaka wala pasipoti; iliyotoka kwenye bomba la moshi la Shanghai au Houston huchanganyika na hewa ya dunia nzima, na lifaki wa jimbo la Tshopo huivuta kama mti mwingine wowote. Mangobo yenyewe, pamoja na mbabula zake zote za makala, imechangia kidogo sana katika ongezeko hilo.

Wengi wakisikia kwamba gesi hiyo inawaathiri wadudu, hudhani inawatia sumu. Sivyo. Wadudu na hewa ukaa ni jamaa wa siku nyingi. Mbu wa Mangobo, usiku wa manane, haoni uso wa mtu aliyelala, anafuata pumzi. Hewa tunayotoa puani ina gesi hiyo karibu mara mia moja ya hewa ya kawaida, na mbu ana viungo vidogo kando ya mrija wake vinavyohisi mkondo wa pumzi ukipita gizani, kama mtu anavyofuata harufu ya samaki wa kukaanga hadi kwenye mlango wenyewe. Ndani ya kichuguu, ambako mchwa kwa maelfu hupumua pamoja na kuvu wanayoilima, gesi hiyo huwa nyingi mara kadhaa kuliko nje, na kumbikumbi hutoka humo wanene na wenye afya. Katika maabara, wataalamu huwalaza nzi wa matunda kwa kuwapulizia hewa ukaa tupu, wakawahesabu chini ya hadubini, na nzi hao huamka baadaye wakaendelea na shughuli zao. Kwa mdudu, tofauti ya sehemu 315 na 420 katika milioni si kitu cha kumuua.

Anayeihisi tofauti hiyo ni mti. Mdudu huipata baadaye, mezani.

Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi zaidi upande wa chini, ambavyo hufunguka ili gesi iingie. Vikifunguka, maji nayo hutoka. Gesi ikiwa nyingi nje, mti hauna haja ya kuvifungua sana. Hupata chakula chake kwa kutoa maji machache. Lakini maji yale yanayopanda kutoka mizizini ndiyo yanayovuta madini, kwa hiyo yakipungua, madini nayo hupanda polepole. Pili, mti unaopata gesi kwa wingi hutengeneza sukari na wanga kupita naitrojeni iliyopo, kwa sababu udongo haukuongezewa kitu. Tatu, kile kimeng'enya kikubwa kinachoinasa gesi ndani ya jani, ambacho ni hazina kubwa ya naitrojeni ya jani zima, mti hukipunguza. Kazi imekuwa rahisi, wafanyakazi wachache wanatosha.

Kila mama wa Mangobo anaujua mchezo huu kwa jina jingine. Wageni watatu wakibisha hodi wakati sombe, mboga ya majani ya muhogo, iko jikoni, sufuria huongezwa maji. Itajaa kama kawaida, itatoa mvuke kama kawaida, na kila sahani itapata. Ila atakayeshiba kwa sahani moja hayupo.

Mahali ambapo maji hayo yalipimwa vizuri ni mbali na Kongo: Konza, katika jimbo la Kansas nchini Marekani. Ni mbuga ya nyasi ndefu isiyowahi kulimwa, haipigwi dawa za wadudu, na kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakihesabu panzi wake na kuhifadhi nyasi zake. Mwaka 2020 Ellen Welti, Michael Kaspari na wenzao walitoa matokeo ambayo yalinyamazisha hoja nyingi. Kwa miaka 30 nyasi zilikuwa zimeongezeka maradufu. Mtu angetarajia panzi nao waneemeke. Badala yake walipungua kwa zaidi ya asilimia mbili kila mwaka, hata katika miongo miwili zaidi ya theluthi moja yao ilikuwa imetoweka. Ndani ya nyasi zilezile, naitrojeni ilishuka kwa asilimia 42, potasiamu 54, fosforasi 58, na sodiamu, ambayo panzi huihitaji kama mtu anavyohitaji chumvi, ilishuka kwa asilimia 90. Hakuna aliyewapulizia sumu, hakuna trekta lililopita. Mizunguko ya mvua na joto ilieleza sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa idadi yao, waandishi hao walikiri, lakini chakula kilichozidi wingi na kupungua utamu nacho kilikuwa na sehemu yake.

Habari hii inafaa kukaa nayo kidogo, kwa maana inageuza picha ambayo wahifadhi wengi wameizoea. Tumefundishwa kwamba mdudu hutoweka pale msitu unapofyekwa, mto unapochafuliwa, shamba linapopigwa dawa. Konza ni mbuga ya kijani, yenye nyati wa Marekani wanaotembea, nzuri kupigwa picha. Adui yupo ndani ya uzuri huohuo.

Nyuki nao wana ushahidi wao. Lewis Ziska na wenzake walikwenda kwenye makabati ya makumbusho ya Smithsonian, wakachukua chavua ya maua ya mwituni aina ya Solidago canadensis yaliyokusanywa tangu 1842, wakalinganisha na ya 2014. Protini katika chavua ilikuwa imepungua kwa kama theluthi moja. Ua hilo si la shambani, hakuna mkulima aliyelibadilishia mbegu. Lilichobadilishiwa ni hewa. Na nyuki wa Amerika ya Kaskazini hulitegemea mwishoni mwa msimu, kabla ya baridi kali.

Mdudu aliyepewa mboga ya maji hafi papo hapo. Kwanza huongeza sahani. Peter Stiling na Tatiana Cornelissen walipokusanya mwaka 2007 majaribio mengi ambamo mimea ilikuzwa katika hewa yenye gesi ya ziada, walikuta naitrojeni ya majani imeshuka kwa takriban asilimia 16, tanini, ile dawa chungu ya mti inayokunja ulimi, imepanda kwa takriban 30, na wadudu wanakula zaidi kwa karibu 16. Pamoja na kula zaidi, walikua polepole, wakawa wepesi walipofika hatua ya pupa, na idadi yao ilishuka kwa kama moja ya tano.

Kukua polepole kuna gharama yake. Kiwavi anayemaliza kula siku chache baada ya wenzake wa zamani hukaa juu ya jani siku hizo zote, mlaini, mnene, asiye na pa kukimbilia, huku nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi wakizunguka na ndege wakilisha makinda. Huko Florida, katika vichaka vya mialoni vilivyo ndani ya eneo la kurushia roketi la Kennedy, watafiti walizungushia mimea vyumba visivyo na paa na kuvipulizia hewa ukaa mwaka baada ya mwaka. Vijidudu wanaoishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, walipungua humo, wengine kwa njaa na wengine kwa nyigu waliopata nafasi ndefu ya kuwawinda.

Hata hivyo haiwi hivyo kwa wote, na mwandishi anayesema wadudu wote watapungua anafanya biashara ya hofu. Vidukari, wanaofyonza utomvu badala ya kutafuna jani, katika majaribio mengi hunufaika. Kule Illinois maharage ya soya yaliyokuzwa uwanjani katika gesi ya ziada yalipoteza sehemu ya kinga yake ya kikemikali. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba homoni ambayo mmea huitumia kupiga mbiu ya hatari ilikuwa imefifia, na mbawakawa wakala bila kuzuiwa. Mihogo yenyewe, mama wa sombe, imewachanganya wataalamu. Mwaka 2009 Ros Gleadow na wenzake nchini Australia waliikuza kwenye vyungu. Mizizi ikadhoofu, na majani yakawa na sumu ya sianidi nyingi zaidi ikilinganishwa na protini yake. Miaka mitatu baadaye mihogo iliyopandwa ardhini, uwanjani kulekule Illinois, ikazaa mizizi karibu mara mbili. Chungu si shamba, na shamba la Illinois si bustani ya nyuma ya nyumba Mangobo.

Swali basi linarudi nyumbani. Je, lifaki wa Tshopo naye ameongeza maji kwenye sufuria?

Jirani wa karibu aliyekwisha kujibu swali la namna hii ni Uganda. Katika msitu wa Kibale, Jessica Rothman, Colin Chapman na wenzao walirudia kuyapima majani ya miti ileile ambayo yalipimwa miongo iliyotangulia, wakachapisha mwaka 2015 kwamba nyuzi zimeongezeka na protini imepungua. Wao walikuwa wakiwafikiria mbega, ambao hupanga makazi yao kwa kufuata majani yenye protini. Lakini mbega na kiwavi hula kwenye meza moja, na kiwavi hana uwezo wa kuhamia bonde la pili.

Ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani kwa karibu kilomita 100, kwenye ukingo wa kulia, unafika Yangambi. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na Yangambi ikawa makao yake: maabara, nyumba za matofali, barabara zenye miti, na majengo ambayo mengi leo yameliwa na unyevu. Taasisi ilibadilika jina ikawa INERA. Kitu kimoja kilichobaki kimesimama ni hebaria, ghala la mimea mikavu, lenye karatasi zipatazo 150,000, kubwa kuliko zote katika Afrika ya Kati. Kila karatasi ina tawi lililobanwa, jina, mahali na tarehe. Walioyakusanya matawi hayo walitaka kujua mti gani unaota wapi. Hawakuwa na habari kwamba wanafungasha pia hewa ya siku ile, kwa maana kaboni iliyo ndani ya jani la 1938 ilinaswa kutoka kwenye hewa yenye sehemu 310 hivi katika milioni.

Marijn Bauters wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake, wakiwemo Wakongomani na Wabelgiji, walichukua majani ya zamani ya hebaria kutoka msitu wa bonde la Kongo na kuyapima sambamba na majani ya siku hizi. Matokeo yao ya 2020 yalikuwa ya kushangaza mara mbili. Uwezo wa vitundu vya majani kupitisha hewa ulikuwa umepungua, kama ilivyotabiriwa. Lakini uwiano wa kaboni na naitrojeni haukuwa umebadilika tangu 1938. Wala uwiano wa naitrojeni na fosforasi. Mboga ya Kansas ilikuwa imeongezwa maji. Ya Kongo, kwa kipimo hicho, ilikuwa nzito vilevile. Tena miti haikuwa imejifunza kutumia maji kwa ubahili, jambo ambalo karibu vitabu vyote viliahidi. Ilikuwa imeelekea upande wa pili, na watafiti wakalishuku joto.

Kwa nini naitrojeni haikufifia? Huenda jibu linatoka angani, na lina harufu ya moshi. Kila kiangazi, savana za kaskazini na kusini mwa msitu huchomwa: kwa uwindaji, kwa malisho, kwa mashamba. Moshi huo hubeba naitrojeni, hupeperushwa juu ya msitu, na mvua huushusha. Bauters na wenzake walikuwa wamepima mwaka 2018, katikati ya bonde la Kongo, takriban kilo 18 za naitrojeni zikishuka juu ya kila hekta moja kwa mwaka, nyingi kuliko makadirio ya kompyuta. Ni mbolea ambayo hakuna aliyeiagiza. Kama moto wa mtu wa Bas-Uele au wa Kasai unamlisha kiwavi wa Tshopo, basi hesabu ya hewa ukaa na wadudu haina budi kupitia kwenye majivu ya watu wasiojuana kabisa.

Hapa ndipo panapostahili tahadhari. Naitrojeni siyo madini pekee. Kule Konza iliyoanguka zaidi ilikuwa sodiamu, na Kisangani iko katikati ya bara, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bahari zote mbili, mbali na upepo wenye chumvi. Kaspari, yuleyule wa panzi, alionyesha mwaka 2008 kwamba sisimizi wanaoishi ndani ya bara huikimbilia chumvi kuliko wale wa karibu na pwani. Anayetaka kuliona hilo bila maabara ashuke kwenye fukwe za mchanga wa Mto Tshopo saa sita mchana, pale watu wanapofulia nguo na watoto wanapokojoa. Vipepeo watakuwapo kwa makumi, weupe, wa manjano, na wa kijani chenye mistari myeusi, wamepangana bega kwa bega kama magari ya abiria kituoni, mirija yao imechomekwa mchangani. Wengi ni madume. Wananyonya chumvi ya jasho na mkojo, na dume mwenye chumvi humpa jike sehemu yake wanapopandana ili mayai yapate mwanzo mzuri. Akimaliza kunyonya, mmoja huinuka, huzunguka mara mbili juu ya maji, kisha hurudi palepale. Wadudu hawa wanaishi ukingoni mwa upungufu tayari.

Na kuna joto, ndugu pacha wa gesi hii. Curtis Deutsch na wenzake walieleza mwaka 2008 kwamba wadudu wa ikweta wamezoea joto lisilobadilika sana, na tayari wanaishi karibu na kiwango cha juu wanachokimudu. Nyuzi joto mbili za ziada ambazo mdudu wa Ulaya huzishangilia huweza kumchosha wa Tshopo. Huko Gabon, katika mbuga ya Lopé, miti iliyofuatiliwa kuanzia 1986 hadi 2018 ilionyesha matunda yakizidi kuwa adimu, na hali ya miili ya tembo ikashuka. Wachunguzi walihusisha jambo hilo na usiku usiopoa vya kutosha kuiamsha miti itoe maua. Kiwavi hahitaji tunda, ila naye ana saa yake: mayai yakianguliwa kabla ya jani changa kuchipua au baada ya jani kukomaa na kuwa gumu, hakuna msimu.

Saa hiyo iliwekewa kumbukumbu. Kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950, wafanyakazi wa Yangambi walizunguka kwenye miti ipatayo 2,000 ya aina zaidi ya 500, wiki baada ya wiki, wakiandika: unatoa maua, umezaa, umepukutisha majani. Daftari zililala miongo kadhaa. Koen Hufkens alizipiga picha na kuziweka mtandaoni, na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakasaidia kuzinakili mstari kwa mstari. Juu ya msitu huohuo sasa umesimama mnara wa mita 55 uitwao CongoFlux, ulioanza kupima mwaka 2020. Kileleni mwake kifaa husoma upepo na gesi mara nyingi ndani ya sekunde moja, kikihesabu msitu unavuta kiasi gani na unatoa kiasi gani. Ni mnara wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo, msitu wa pili kwa ukubwa katika nchi za joto.

Sokoni Mangobo, mama wa mbinzo akiulizwa kwa nini kopo limepanda bei, hatataja gesi. Atataja barabara, mafuta ya pikipiki, vizuizi vya njiani, na misumeno. Ana haki. Lifaki ni mbao inayopendwa Ulaya na Asia, na mti mnene wenye taji pana, ambao ndio wenye majani mengi ya kulisha viwavi, ndio huohuo ambao mkataji huutafuta. Paluku Muvatsi, Jean-Marie Kahindo na Laura Snook walilichunguza jambo hilo katika maeneo ya kukata mbao ya huku, wakachapisha mwaka 2018: lifaki na viwavi wake, tali na viwavi wake, nini kinabaki msumeno ukishapita. Kwa miaka ya karibuni msumeno una nguvu kuliko hewa, na kusema vinginevyo ni kuwapa wenye misumeno kisingizio. Ila msumeno unaonekana na kusikika, na sheria inaweza kuukamata. Hewa ukaa hupanda sehemu mbili na zaidi katika milioni kila mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Kinachokosekana ni hesabu ya wadudu wenyewe. Mitego ya Krefeld nchini Ujerumani, iliyoonyesha mwaka 2017 kwamba uzito wa wadudu warukao ulishuka kwa zaidi ya robo tatu ndani ya miaka 27, ina umaarufu kwa sababu kulikuwa na watu wenye subira ya kuirudia mahali palepale. Orodha ndefu za namna hiyo nyingi ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wana misitu ya Masako na Yoko umbali wa safari ya pikipiki, na wachuuzi wa Mangobo wana macho ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakitazama unene wa mbinzo.

Wana pia zile karatasi 150,000. Mwaka 2019 Emily Meineke na wenzake, wakichambua mimea mikavu ya kaskazini-mashariki mwa Marekani iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 100, hawakupima naitrojeni wala kaboni. Walihesabu matundu. Meno ya mdudu huacha alama tofauti na mpasuko wa kidole: ukingo huwa na kovu jeusi, kwa kuwa jani lilikuwa hai lilipoumwa. Walikuta matundu yakiongezeka kadiri majira ya baridi yalivyopungua ukali. Njia hiyo haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji meza, taa, na mtu mwenye macho mazuri na muda. Kwenye rafu za Yangambi, ndani ya majalada yenye harufu ya dawa ya nondo, matawi ya lifaki na tali yamelala na tarehe zao, na kwenye baadhi ya majani hayo, pembeni mwa mshipa mkubwa, kiwavi wa wakati wa babu zetu alikula kipande, akaacha ukingo wa kahawia wenye mawimbi madogo, akaendelea na jani lililofuata.